Kuhamisha Syncthing kutoka Windows kwenda Ubuntu: cha kubeba na cha kuacha

Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zinazofanya kazi katika biro za Lubumbashi haziwezi kupanda hadi Windows 11. Ama hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama), ama prosesa yake ya Intel ni ya kizazi cha saba kushuka chini. Mashine yenyewe bado nzima, diski nzima, skrini nzima. Ndiyo maana Ubuntu imeanza kuingia hata kwa watu ambao zamani hawakuwa na habari nayo. Kuiweka si kazi ngumu. Kinachowatoa watu jasho ni ile programu iliyokuwa ikifanya kazi kimyakimya, ya kusawazisha mafaili kati ya kompyuta moja na nyingine.

Tunaipima hapa Syncthing, kwa swali moja tu: je, mipangilio yake inahama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila faili kupotea? Chukua mfano wa biro ya mawakala wa forodha: kompyuta mbili mjini, moja Kasumbalesa mpakani, na simu moja ya kupiga picha hati. Folda ni tatu: Factures, Declarations na Scans. Kompyuta moja ya mjini inatoka Windows na kuingia Ubuntu. Nyingine zinabaki kama zilivyo.

Jibu la haraka: inahama vizuri kuliko wenzake wengi, ila haina kitufe cha kuhamisha, na anayebeba kila kitu ndiye anayeumia. Vya kubeba ni vichache.

Ndani ya folda ya mipangilio

Syncthing ilianzishwa na Jakob Borg mwaka 2013. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na haidai akaunti wala seva ya kampuni. Kila kompyuta ina kitambulisho chake, herufi na tarakimu 56 zilizogawanywa katika mafungu manane ya saba saba. Kitambulisho hicho hakitokani na jina la kompyuta wala diski wala kadi ya mtandao. Kinakokotolewa kutoka kwenye cheti kilichoko ndani ya faili moja ndogo. Hiyo ndiyo sababu kinaweza kuhama.

Kwenye Windows mambo yote yako hapa:

C:\Users\biro\AppData\Local\Syncthing

Kwenye Ubuntu yako ~/.local/state/syncthing kuanzia toleo la 1.27, au ~/.config/syncthing kwa matoleo ya nyuma yake na kwa wale waliokwisha kuwa na folda hiyo tangu zamani. Kwenye Mac ni ~/Library/Application Support/Syncthing. Ukiwa na shaka, fungua ukurasa wa Syncthing kwenye kivinjari (http://127.0.0.1:8384), uingie sehemu ya maelezo ya programu, matoleo ya sasa yanaonyesha njia zote.

Ndani yake beba faili tatu: cert.pem, key.pem na config.xml. Mbili za kwanza ni kitambulisho chenyewe. Ya tatu ina orodha ya folda, orodha ya vifaa, mipaka ya kasi, nenosiri la ukurasa (limefichwa kwa bcrypt, kwa hiyo linahama bila kuonekana) na mengineyo. Faili za https-cert.pem na https-key.pem ni za ukurasa wa kivinjari tu. Ukiziacha Syncthing itatengeneza nyingine.

Usibebe folda ya hifadhidata, ile ambayo jina lake linaanza na index. Hapa ndipo mafaili ya watu yanapofia. Hifadhidata inakumbuka kwamba folda ya Factures ilikuwa na mafaili kadhaa, kila moja na alama yake. Ukiipeleka kwenye Ubuntu kabla mafaili yenyewe hayajafika, au yakiwa yamefika mahali pengine, Syncthing itapekua folda tupu, italinganisha na kumbukumbu yake, na kuhitimisha kwamba umeyafuta. Halafu itawatangazia wengine wafute pia. Programu inatii tu kile ilichoelezwa.

Kuna kinga moja dhidi ya hilo, folda ndogo iliyofichwa iitwayo .stfolder, ndani ya kila folda inayosawazishwa. Isipoonekana, Syncthing inasimama na kulalamika kwamba alama ya folda haipo. Malalamiko hayo yana maana yake: huenda diski haijaunganishwa, au njia imekosewa. Mtu anayeunda .stfolder kwa mkono ili kunyamazisha ujumbe huo, huku hifadhidata ya zamani ingali pale, ameondoa kinga na kufungua mlango wa ufutaji. Tafuta kwanza mafaili yako wapi.

Bila hifadhidata, Syncthing inaanza kwa kupekua na kukokotoa alama za mafaili yote upya. Kwenye diski ya kuzunguka yenye gigabaiti mia moja na kitu, kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa. Ni bei ndogo. Umeme ukikatika katikati, haiharibiki; inaendelea baadaye.

Kuhamisha kitambulisho, au kuzaliwa upya?

Maelekezo mengi hayaulizi swali hili, na hilo ni kosa. Kama kompyuta inayohama inaongea na vifaa viwili au vitatu tu, na unaweza kuvifikia vyote, usihamishe kitu. Weka Syncthing mpya kwenye Ubuntu, ipate kitambulisho kipya, ikubaliwe na wenzake, shiriki folda zilezile, kisha ondoa kitambulisho cha zamani kwenye orodha zao. Ni kazi ya muda mfupi na haina mtego.

Kuhamisha kitambulisho kunafaa pale wenzake ni wengi, au mmoja yuko mbali na hakuna mtu wa kubofya kukubali. Kompyuta ya Kasumbalesa ambayo anayeitumia hajui hata kama Syncthing ipo ni mfano mzuri. Kitambulisho kikihama, yeye haoni tofauti yoyote.

Sharti ni moja na halina mjadala: kompyuta mbili zisiwe hewani na kitambulisho kimoja. Wenzake wataona kifaa kinachounganika na kukatika bila kukoma, na kumbukumbu za mafaili zitachanganyika. Kwa hiyo zima Syncthing ya Windows kupitia menyu ya Actions, halafu ondoa pia ile njia iliyokuwa ikiiwasha yenyewe, iwe ni Task Scheduler au folda inayofunguka ukiandika shell:startup kwenye dirisha la kitufe cha Windows na R. Wengi wanaizima, wanasahau hatua ya pili, kisha wanawasha tena Windows kesho yake kutafuta faili moja.

Kurekebisha config.xml

Faili hii ni maandishi matupu na inasomeka. Mstari wa folda unafanana na huu:

<folder id="k3vxd-9qpzt" label="Factures" path="C:\Users\biro\Documents\Factures" type="sendreceive" rescanIntervalS="3600" fsWatcherEnabled="true" ignorePerms="false">

Kitambulisho cha folda (id) usikiguse; ndicho wenzake wanachokijua. Jina la kuonekana (label) ni mapambo. Kinachobadilika ni path:

path="/home/biro/Documents/Factures"

Au, vizuri zaidi, path="~/Documents/Factures". Alama ya ~ Syncthing inaielewa kwenye mifumo yote kuwa ni folda ya mtumiaji, kwa hiyo siku ya kuhama tena kazi itakuwa imepungua.

Ukiacha njia ya Windows kama ilivyo, Linux haijui kwamba C: ni diski. Kwake hizo ni herufi tu za jina. Na kwa kuwa hifadhidata ni tupu, Syncthing inaweza kukuundia folda yenye jina hilo la ajabu lenye mikwaju ya nyuma, na kuanza kuvuta mafaili yote kutoka Kasumbalesa kwa mega zako za intaneti. Kabla ya kuwasha chochote, pita na amri hii:

grep -n ':\\' config.xml

Itakuonyesha kila mahali palipobaki njia ya Windows. Mara nyingi inafichua kitu ambacho jicho limekiruka: mahali pa kuhifadhi matoleo ya zamani ya mafaili (fsPath ndani ya versioning), ambapo mtu alikuwa ameelekeza diski ya D:. Na kama uliwahi kutumia faili ya .bat kusimamia matoleo, hiyo haitafanya kazi. Badilisha iwe aina ya kawaida.

Kama jina la folda lina alama ya &, kwa mfano Devis & Factures, ndani ya XML inaandikwa &amp;. Ukiandika & peke yake faili nzima haisomeki na Syncthing haitaki kuwaka.

Sasa jambo linalowahusu hasa wanaotumia kompyuta kwa Kifaransa, yaani karibu sisi sote hapa. Windows ya Kifaransa inakuonyesha Utilisateurs, Bureau, Téléchargements, Images. Hayo ni majina ya kuonyesha tu. Kwenye diski majina ya kweli ni Users, Desktop, Downloads, Pictures, na hayo ndiyo yaliyomo kwenye config.xml. Ubuntu ya Kifaransa haifanyi hivyo: Bureau ni jina la kweli, Téléchargements ni jina la kweli, pamoja na lafudhi zake. Kwa hiyo C:\Users\biro\Desktop\Scans inageuka /home/biro/Bureau/Scans. Ukiandika /home/biro/Desktop/Scans, Syncthing itaunda folda mpya ya Desktop pembeni ya Bureau, mafaili yatashuka humo vizuri kabisa, na mtumiaji atapiga simu kusema skrini yake haina kitu. Thibitisha kwa amri ya xdg-user-dir DESKTOP, na xdg-user-dir DOWNLOAD kwa vilivyopakuliwa. Documents haina shida, jina ni lilelile pande zote mbili.

(Kwenye kibodi ya AZERTY ya Kifaransa mkwaju wa nyuma ni AltGr na 8. Kibodi za Kibelgiji, ambazo nazo zimejaa mjini, zina mpango wao: tafuta kitufe kilicho karibu na Shift ya kushoto.)

Kunakili mafaili yenyewe

Kama mafaili yanakaa kwenye diski ya nje au sehemu ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows), usiyanakili kwa cp -r. Amri hiyo inaipa kila faili tarehe ya leo. Syncthing ikikuta faili moja yenye maudhui tofauti pande mbili bila kumbukumbu ya nani alitangulia, inayoshinda ni ile yenye tarehe mpya zaidi. Ankara ya wiki iliyopita, iliyonakiliwa leo kutoka hifadhi ya zamani, itashinda ankara iliyorekebishwa jana Kasumbalesa. Ile iliyoshindwa haifutwi. Inapewa jina refu lenye sync-conflict, tarehe na saa. Lakini nani anafungua hizo?

Wataalamu wengi watakwambia tumia rsync -a. Kutoka NTFS hiyo si sahihi kabisa. Ubuntu ikifungua NTFS, kwa kawaida kila faili inaonekana ina ruhusa zote, pamoja na ya kuendeshwa kama programu, na -a inabeba ruhusa hizo hadi kwenye diski yako na kutoka hapo kwa wenzako wenye Linux. Tumia hii:

rsync -rtv --chmod=D755,F644 /media/biro/DATA/Factures/ ~/Documents/Factures/

Herufi t inahifadhi tarehe, na --chmod inazipa folda na mafaili mapya ruhusa za kawaida; bila hiyo, ruhusa ya kuendeshwa kama programu inapita hata bila -a. Mkwaju wa mwisho baada ya Factures ya kwanza ni wa lazima, la sivyo utapata Factures ndani ya Factures.

Usitumie nyota pia (Factures/*). Nyota inaruka kila kinachoanza na nukta, yaani .stfolder, .stversions, na .stignore ambayo ndiyo orodha ya vitu visivyosawazishwa. Orodha hiyo Syncthing haiipeleki kwa wenzake. Ipo kwenye kila kompyuta peke yake. Ikipotea haupati ujumbe wowote. Unaona tu vitu ulivyokuwa umevizuia vikianza kusafiri.

Kama Ubuntu inakataa kuandika kwenye NTFS, Windows haikuzimwa kweli. Ule uwakaji wa haraka wa Windows unaiacha diski katika hali ya usingizi. Zima uwakaji huo kwenye mipangilio ya umeme, uzime kompyuta kabisa, kisha urudi. Flashi ya FAT32 nayo haichukui faili ya gigabaiti 4 au zaidi, na tarehe zake zinakadiriwa kwa sekunde mbili mbili. Itumie kubeba zile faili tatu za mipangilio, si kubeba biro nzima.

.stignore haihami bila kuguswa

Kwenye Windows na Mac, mistari ya .stignore haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kwenye Linux inatofautisha. Mstari ulioandikwa thumbs.db ulikuwa unafanya kazi kwa bahati. Ukifika Ubuntu, Thumbs.db itapita. Weka (?i) mwanzoni mwa mstari. Mkwaju wa nyuma nao unabadilika maana: kwenye Windows unatenganisha folda, kwenye Linux unaondolea nguvu alama inayofuata. Kwa hiyo Archives\2019 iwe Archives/2019.

Orodha inayofaa biro yenye mchanganyiko wa Word na LibreOffice ni hii:

(?i)(?d)Thumbs.db
(?i)(?d)desktop.ini
(?d).DS_Store
~$*
.~lock.*#
.Trash-*

Mstari wa nne ni faili za muda za Word, wa tano ni kufuli za LibreOffice. Kufuli za LibreOffice zikisawazishwa, kila mtu anaambiwa hati imefunguliwa na mwingine hata kama aliyeifungua ameshakwenda nyumbani. (?d) inaruhusu faili hiyo kufutwa pale folda iliyoibeba inapofutwa upande mwingine; bila hiyo folda tupu zinabaki zikining'inia.

Majina ya mafaili ni mtego wa upande wa pili. Ubuntu inakubali jina kama Facture: mars?.pdf. Windows inakataa nukta pacha, alama ya kuuliza, nyota, alama za nukuu, < > na mstari wa wima, na pia majina kama CON, AUX na NUL. Faili hiyo itabaki Ubuntu tu, na kompyuta ya Kasumbalesa itaonyesha folda isiyokamilika kwa asilimia ndogo inayokera. Hali kadhalika Scan.pdf na scan.pdf: Linux inazikubali zote mbili katika folda moja, Windows haiwezi. Anayehamia Ubuntu huku wenzake wakibaki Windows aendelee kuandika majina kwa kanuni za Windows.

Kuwasha mara ya kwanza

Kabla ya yote, kwenye kompyuta zinazobaki, washa uhifadhi wa matoleo wa aina ya pipa la taka kwa kila folda. Unalinda mafaili yanayobadilishwa au kufutwa kwa amri kutoka kwa kifaa kingine, ndio uwekwe kwa wanaopokea. Kisha angalia matoleo ya Syncthing yenyewe. Hazina (ghala la programu) ya Ubuntu 22.04 ina Syncthing 1.18, ya 24.04 ina 1.27. Kama Windows ilikuwa na toleo la 2, lililotoka Agosti 2025, config.xml yake ni mpya mno kwa matoleo hayo, nayo yatakataa kuisoma. Ipo amri ya kulazimisha (--allow-newer-config), lakini dawa halisi ni kuongeza hazina ya Syncthing yenyewe, apt.syncthing.net, na kuweka toleo linalolingana au jipya zaidi. Kupanda toleo hakuna shida. Config ya zamani inasasishwa yenyewe. Wenzako wakiwa bado toleo la 1, mtaelewana.

Weka faili tatu mahali pake, toa chmod 600 kwa key.pem, kisha washa ikiwa imesimamishwa:

syncthing --paused

Folda zote na vifaa vyote vitakuwa vimetulia. Fungua ukurasa, soma njia ya kila folda moja moja. Badilisha aina ya kila folda iwe ya kupokea tu, halafu fungulia folda moja, ndogo zaidi. Ikiwa ya kupokea tu, kompyuta hii mpya haiwezi kumpa mwingine faili iliyochakaa wala amri ya kufuta. Tofauti ikionekana, Syncthing inazihesabu na kukupa kitufe cha kurudisha hali ya wenzake. Tahadhari na kitufe hicho: faili iliyoko kwenye kompyuta hii peke yake nayo itaondolewa. Soma orodha kwanza. Hesabu zikilingana, rudisha aina ya kutuma na kupokea, nenda folda inayofuata.

Baada ya hapo ndipo iwekwe iwe inajiwasha:

systemctl --user enable --now syncthing.service

Hiyo inawaka mtumiaji anapoingia. Kwa kompyuta inayorudi yenyewe baada ya umeme kukatika bila mtu kuandika nenosiri, ongeza sudo loginctl enable-linger biro. Kama ufw (ukuta wa moto wa Ubuntu) imewashwa, fungua 22000 kwa TCP na UDP, na 21027 kwa UDP. Ukiona ujumbe wa inotify (sehemu ya Linux inayofuatilia mabadiliko ya mafaili), mashine ina folda ndogo nyingi kuliko kikomo chake, ongeza fs.inotify.max_user_watches=204800 kwenye /etc/sysctl.conf. Ubuntu za sasa hujipangia kikomo kufuatana na RAM, kwa hiyo ni mashine zenye RAM ndogo ndizo zinazokumbana nalo.

Na mega? Kompyuta mbili za mjini zikiwa kwenye Wi-Fi moja zinaongea moja kwa moja bila kugusa intaneti, hata ruta ikiwa haina salio. Bofya jina la kifaa uangalie aina ya muunganisho: ikisema LAN, hulipi kitu. Ikisema Relay (kupitia seva ya kati kwenye intaneti) wakati kompyuta ziko meza moja, karibu daima ni ruta inayotenganisha wateja wake, kama Wi-Fi ya wageni, au ufw iliyofungwa. Mipaka ya kasi iliyomo kwenye config.xml inahama nayo, na kwa kawaida haihesabu LAN, kwa hiyo unaweza kubana ya Kasumbalesa bila kuchelewesha ya mjini.

Wenzake wakoje?

Unison ni ya zamani na imara, na mipangilio yake ni faili za .prf unazoandika kwa mkono. Kubadilisha mistari miwili ya root kunatosha. Udhaifu wake wa kihistoria ni kwamba kabla ya 2.52 pande zote mbili zilipaswa kuwa na toleo linalolingana, hadi toleo la OCaml lililoijenga. Kwa watu wawili wanaojua ssh, ni nzuri. Kwa biro, hapana.

FreeFileSync inaendeshwa kwenye mifumo yote mitatu na faili yake ya mipangilio inafunguka kokote, ila njia zinarekebishwa moja moja, na kazi ulizopanga kwenye Task Scheduler hazihami. Uzipange upya kwa cron, ratiba ya kazi ya Linux. Nextcloud inahama kwa namna nyingine: nenosiri limehifadhiwa kwenye ghala la siri la Windows, kwa hiyo hata ukinakili nextcloud.cfg utaingia upya tu. Bora uanze upya. Google Drive na OneDrive hazina programu rasmi ya Linux, na hapo maongezi yanaisha.

Linaloshangaza ni kwamba programu ya simu ya Android ina kitu ambacho ya kompyuta haina, yaani kuhamisha mipangilio nje na kuirudisha kwa kugusa mara chache. Programu rasmi ya Android ilisitishwa mwishoni mwa 2024; inayoendelezwa ni Syncthing-Fork. Kukosekana kwa kitufe kama hicho kwenye kompyuta ndiko kunakoipunguzia Syncthing alama hapa. Programu inayojua njia zote za folda ingeweza kuuliza tu, "Folda hii iko wapi sasa?", badala ya kumwachia mtu wa biro kuhariri XML. Tunaipa nne kwa tano. Kwa asiyegusa terminali kabisa ni tatu, na ashike njia ya kitambulisho kipya.

Kompyuta ya zamani ikiuzwa au kupewa mtoto, folda ya AppData\Local\Syncthing ifutwe kwanza, na ile flashi iliyobeba key.pem nayo isafishwe. Mwenye faili hiyo pamoja na cert.pem anaweza kuunganika na Kasumbalesa kwa jina lako na kusoma kila tamko la forodha, na hakuna nenosiri litakalomzuia. Kama flashi imepotea, ondoa kitambulisho hicho kwenye vifaa vyote siku hiyohiyo na utengeneze kipya.